Kimea cha Jubilei

Mimi na mama watoto tulifunga ndoa wakati Mjerumani ameshafukuzwa na Mwingereza bado anauliza choo kiko wapi. Ndivyo nilivyokuwa najibu nikiulizwa tumekaa pamoja muda gani. Kuhesabu miaka ya ndoa sisi Wafipa wa zamani hatukujua. Ulihesabu watoto, na hesabu ikikupotea unawaita wajipange mlangoni.

Aliyetuletea habari za miaka ni padri wa misheni yetu, mzungu mmoja mwenye ndevu ndefu kiasi kwamba ndege angeweza kutaga humo na kulea mpaka makinda yaruke. Ilikuwa Kwaresima, mwaka ule vijana wetu wa keya, askari wa Mwingereza, walipoanza kurudi kutoka vita vya Bama na makoti yao mazito. Padri akasimama akatangaza, kwa Kiswahili chake chenye matobo, kwamba mtu na mkewe wakifikisha miaka ishirini na mitano hiyo inaitwa jubilei ya fedha, na Jumapili ya pili baada ya Pasaka atawabariki upya mbele ya watu wote. Akanyoosha kidole. Kanisa zima likageuka. Kidole kilikuwa kimetua kwangu.

Tulikuwa sisi peke yetu. Wengine tuliofunga nao ndoa siku ile ile, wamekufa au wamehamia kwenye machimbo huko kusini. Mimi nilisimama, kichwa kikanivimba kwa furaha, nikaona paa la kanisa limekuwa fupi.

Njiani kurudi nyumbani mama watoto alitangulia mbele. Tulipofika kwenye kijito ndipo akauliza, polepole, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi.

"Siku hiyo pombe itakuwepo?"

Nikamwambia hata mazishi yana pombe, sembuse jubilei.

"Ataipika nani?"

Mimi ninayejibu hata nisipoulizwa, siku ile nilitazama maji. Kwetu pombe ya ulezi ni kazi ya mwanamke tangu dunia ilipokuwa bado mbichi. Mwanaume kazi yake ni kuinywa na kusema imekosa kitu kidogo.

"Basi nikuambie, baba watoto," akasema. "Nitaloweka mimi, nitasaga mimi, kuni mimi, maji mimi, kupika mimi, kuchuja mimi, kugawa mimi. Jumapili mtanibeba kwenye machela kunipeleka kubarikiwa. Heri uende wewe na padri wako mkabarikiwe wawili."

Akavuka kijito. Akiwa ng'ambo akageuka akaniambia anachotaka. Siku hiyo akae kwenye kigoda, mikono mitupu, ameoga, kama mgeni. Akigusa chungu cha pombe hata kwa kidole cha mwisho, kanisani haendi, na padri akitaka amfuate nyumbani na ndevu zake.

Nikamwambia nitapika mimi.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini Jumapili iliyofuata, uani pa kanisa, nikawatangazia watu. Wanaume walinitazama kama nimesema nina mimba. Wanawake walicheka mpaka mmoja ikabidi akae chini, kibwebwe kimemlegea. Dada yangu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, nilimwomba anisaidie kidogo tu. Akasema, "Kaka, jambo hili nimelingoja tangu utoto wetu. Siligusi."

Upepo wa Ufipa unabeba maneno kuliko lori. Kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika Mwimbi kwa mama mkwe.

Hapa lazima nieleze habari za mama mkwe. Nilipokwenda kuposa, kijana wa kuposa alitakiwa akae kimya, mshenga ndiye aseme. Mimi sikuweza. Nikamnyang'anya mshenga maneno nikaeleza kuwa ng'ombe wetu wakinywa maji mto unakauka mpaka kesho yake, na kwamba mimi nikilima jua linakaa kunitazama linasahau kuzama. Ndipo sauti ya mama ikatoka ndani, nyuma ya mlango: "Mdomo nimeusikia. Mikono iko wapi?"

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza juu yangu, na la mwisho. Maana kwa mila yetu mkwe na mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawasemeshani. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Nimeingia majanini kwa ajili ya mama yule mpaka kupe wa njia ya Mwimbi wananijua kwa ukoo. Watoto walizaliwa, wakakua, swali lake likabaki pale pale mlangoni, halijajibiwa.

Sasa akatuma ujumbe kuwa atakuja. Na kwa desturi kibuyu cha kwanza cha sherehe ni cha wakwe. Mkwe akionja akaridhika, watu wanakunywa. Akimwaga chini, basi nyumba hiyo haina sherehe, wageni wanafunga mizigo yao. Pombe mbovu kwetu haisemwi ni ya nani. Inasemwa ni ya mwenye nyumba wa kike.

Mama watoto aliposikia, hakucheka tena. Akaniambia jioni, anapuliza moto, "Usiniaibishe kwa mama." Basi. Na mimi nikajua kuwa jambo limetoka kwenye mzaha.

Nikaloweka ulezi. Hilo ni rahisi, hata mvua inaweza. Kazi ni kuuotesha, maana bila ulezi ulioota hakuna kimea, na bila kimea umepika uji. Ulezi unataka joto. Na mwaka ule, ndugu yangu, baridi ilikuja mapema na mvua bado haijaondoka. Baridi ya Sumbawanga ya mwaka ule moto wenyewe ulikuwa unatetemeka. Jogoo aliwika mara moja, sauti ikagandia njiani, tukaisikia mchana jua lilipotoka. Nikafunika ulezi kwa majani, nikafunika kwa gunia, nikafunika kwa blanketi langu nikalala bila. Siku zikapita. Nikafunua. Punje zimenitazama vile vile, kavu za roho, hakuna hata moja iliyotoa ulimi.

Ndipo akili ikanijia. Mwenye kulima Ufipa anajua matuta yetu, ntumba, yale ya mviringo kama chungu kilichofunikwa. Mvua zikiwa zinaelekea kuisha tunakata majani, tunayalundika, tunayafukia kwa udongo, yanaoza humo yawe mbolea ya mwaka unaofuata. Juu yake tunapanda maharage. Na tuta likiwa bichi, ingiza mkono ndani: lina joto kama kwapa la mtoto mwenye homa. Mimi huyo, na kikapu changu cha ulezi mbichi, mpaka shambani kwetu. Nikafukua tuta moja, nikazika kikapu, nikafukia vizuri. Ili nisilipoteze, nikachomeka ufito juu yake. Shamba zima tuta lile tu ndilo lenye ufito. Nikaondoka napiga mluzi.

Niliporudi kufukua, kila tuta lilikuwa na ufito.

Nikafumba macho, nikafumbua. Fito. Mpaka kule bondeni, fito, zimesimama kama askari wa gwaride siku ya Bwana DC. Matuta yetu mwaka ule yalikuwa mengi. Sitaki kutia chumvi, lakini ukisimama mwanzo wa shamba na kijana, ukifika mwisho ameota ndevu.

Nikaanza kufukua. La kwanza hamna. La pili hamna. Nilipokuwa nimezama kwenye moja mpaka kiunoni, akapita jirani yangu. Huyu alikuwa mtu wa Kasanga, wa ziwani, alipanda huku juu kuuza migebuka, samaki wakavu wa ziwa, akaoa akabaki, na kila siku alitutania sisi watu wa milimani kuwa tunaoga kwa kusikia habari za maji. Akaniuliza nafanya nini. Niseme mwanaume mzima nimepoteza kimea? Nikamwambia nimepoteza kitu.

"Kitu gani?"

"Kitu nilichokizika."

Neno hilo lilitosha. Wakati ule, kitu kilichozikwa ardhini kilikuwa kimoja tu kwenye vichwa vya watu: rupia alizoficha Mjerumani akikimbia. Jirani hakuuliza zaidi. Akasema anakwenda kujisaidia, akarudi na jembe. Nyuma yake wakaja shemeji zake, nyuma yao wanaume waliotoka kunywa, nyuma yao mzee mmoja wa mkongojo ambaye kanisani hubebwa, siku ile alikuja anatimka. Mwishowe akaja jumbe wa kijiji mwenyewe, na kofia yake, akasema yupo kulinda sehemu ya serikali, kisha akavua viatu akaanza kufukua. Niliwaambia si rupia. Nilipozidi kuwaambia si rupia, ndivyo walivyozidi kuchimba. Sijawahi kuona watu wakilima vile. Ingekuwa kila msimu watu wanalima hivyo, Ufipa ingelisha dunia na mabaki tungewapa nyani.

Aliyekipata ni jirani. Aliingiza mkono, akagusa kikapu, akahisi joto. Sijui kwa nini alidhani rupia zina joto. Akakipakata kifuani akashika njia ya Kasanga, mbio. Kijiji kizima nyuma yake. Jumbe akamkamata shati, jirani akaanguka, kikapu kikapinduka.

Kikamwagika kimea. Kimeota, mama yangu, kimeota vizuri kwa namna ambayo sijawahi kuona, kila punje na mzizi wake mweupe, vimeshikana kama ndevu za padri, na harufu tamu inapanda. Watu wakazunguka. Mzee wa mkongojo akainama, akauliza hizi ni rupia za namna gani zenye mizizi.

Hapo ndipo mama watoto alipotokea, anatoka mtoni na mtungi kichwani. Akalitazama shamba. Nusu ya matuta yake yamefunguliwa matumbo, fito zimelala, mbegu za maharage ziko juani. Watu wakanisogea mbali kidogo, kama unavyosogea mbali na mti wakati wa radi.

"Baba watoto, unatafuta nini?"

"Kimea."

"Kimea cha nini?"

"Cha jubilei yako. Baridi ilikikatalia nyumbani, nikakizika kwenye tuta. Nilikiwekea ufito."

Alishusha mtungi kwanza, akauweka sawa usimwagike. Kisha akasema, sauti ya chini, siyo kwa watu, kwangu, "Nilikuta ufito mmoja juu ya tuta. Nikasema, leo mume wangu amekumbuka maharage yangu yanataka kitu cha kutambalia, ameanza kunisaidia, amechoka akaacha. Nikakata fito nikayamaliza yote. Nilikuwa naimba."

Yeye akakaa chini kwenye majani, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na watu walipoona amecheka, na wao wakapata ruhusa. Alipomaliza akasimama, akajikung'uta, akawatazama wanaume wale wote na majembe yao.

"Mmelima vizuri, baba zangu. Sasa aliyefukua afukie. Asiyefukia asije kunywa."

Wakafukia. Jumbe akafukia na kofia yake kichwani. Jirani wa Kasanga akalalamika kwamba kwao ziwani mtu hafukii, samaki anakuja tayari, akapewa matuta mawili ya ziada. Maharage tuliyovuna pale mwaka ule, ganda moja lilimshibisha mtu na mgeni wake.

Kimea nikakianika kwenye vijua vya kuibia, nikakikimbiza ndani kila wingu lilipokohoa. Nikasaga. Nilidhani kusaga ni mikono. Kusaga ni magoti, mgongo, shingo na meno. Nilipoinuka kwenye jiwe nilitembea nimepinda kwa muda mrefu hata mbwa wetu akanibwekea. Mikono ikatoka malengelenge mahali ambapo jembe halijawahi kufika. Usiku nilimtazama mama watoto amelala, nikatazama kiganja chake kimefunguka kwenye blanketi, kigumu kama soli. Miaka yote nilikuwa nakiona kiganja kile. Sikuwa nimekitazama.

Kisha kupika. Yeye alishika neno lake, chungu hakukigusa. Lakini alileta kigoda chake uani, akanipa mgongo, akawa anaongea na kuku.

"Kuku wangu," anasema, "uji ukianza kutoa mapovu madogo madogo, mwenye akili anapunguza kuni."

Mimi napunguza kuni.

"Na nyie kuku, mtu akitia kimea uji ukiwa wa moto bado, amekiua. Ila heri niseme na kuku, maana watu hawasikii."

Mimi nasubiri upoe. Dada yangu aliona kutoka kwake akasema ule ni wizi. Nilimuuliza padri, naye akafikiri sana, akashika ndevu, akasema katika vitabu vyake vyote hajaona mahali palipokatazwa kusema na kuku.

Jumamosi, mkesha wa jubilei, mama mkwe akafika kutoka Mwimbi kwa miguu yake mwenyewe, mzee vile, mgongo umenyooka kama mchi. Wageni walikuwa wamejaa uani. Nilikwenda kujificha nyuma ya kihenge, kama mila inavyotaka na kama roho yangu ilivyotaka pia. Lakini wanawake wakaniita. Aliyepika ndiye anayetenga, wakasema, na wewe ndiye mwanamke wa leo.

Nikaja na kibuyu. Uso chini. Nilipiga magoti mbali, nikakisukuma kwa mikono miwili mpaka kikafika karibu na miguu yake, na malengelenge yangu yote yanaonekana. Mama watoto alikuwa kwenye kigoda chake upande wa pili, ameoga, amejifunga kitambaa kipya, lakini vidole vyake vilikuwa vinaukamua upindo wa nguo kama anakamua ng'ombe. Mama yake akimwaga, yeye ataingia jikoni usiku ule ule kuokoa jina lake, na kesho padri atambariki nani.

Mama mkwe akanywa. Akatua kibuyu. Akanywa tena. Mimi nahesabu sisimizi wanaopita mbele ya goti langu. Kisha akageukia ukuta, akausemesha ukuta.

"Ina udongo."

Moyo wangu ukashuka mpaka Kasanga, ukazama ziwani.

"Ina udongo kidogo," akauambia ukuta. "Lakini mikono nimeiona."

Akanywa mpaka mwisho, akakitikisa kibuyu, akakisukuma kunirudishia. Sijui nani alianza vigelegele. Nadhani ni dada yangu, yeye aliyekataa kunisaidia. Mimi nilibaki nimepiga magoti, na nitawaambia ukweli kwa mara ya kwanza tangu nianze hadithi hii: sikuweza kusema kitu.

Kesho yake padri alituuliza mbele ya watu wote kama bado tunatakana. Mimi nilijibu kabla hajamaliza swali. Mama watoto akangoja kidogo, watu wakashika pumzi, akasema, "Huyu huyu. Nimeshamzoea." Padri akatafuta neno hilo katika kitabu chake cha ibada, hakulipata, akatubariki hivyo hivyo.

Tukarudi nyumbani. Watu walikunywa mpaka jumbe akamkumbatia jirani wa Kasanga na kumwita "mdogo wangu". Mama watoto akakaa kwenye kigoda, mikono mitupu, kama alivyotaka. Lakini mikono ile haikuwahi kukaa mitupu. Akaiweka magotini, akaiweka mapajani, akaikunja, akaikunjua. Akamwona mgeni hana kibuyu, akaanza kuinuka.

Nyuma yake mama mkwe, bila kunitazama mimi, bila kuutazama ukuta, akamshika bega.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Mume wako anapika."

Nami nikakimbilia chungu.